Dakti inavuma siku nzima, spika itasaidia?

SWALI: Habari fundi. Tuna ukumbi wa mikutano hapa Mombasa, hewa inakuja na feni kubwa kupitia dakti ya bati, sasa hiyo dakti inavuma mmmm mpaka anayeongea mbele inabidi apaze sauti. Tumebandika pamba ya faiba ndani, vimlio vyembamba vimeisha ila mvumo mzito uko palepale. Kuna mtu anasema tufunge spika ndani ya dakti iue kelele. Ni kweli au anataka hela zetu tu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Ni kweli kabisa, Mjerumani Paul Lueg alipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kitu hicho Marekani mwaka 1936. Pamba imeshindwa kwa sababu wimbi la sauti nzito ni refu mno, la hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde) ni kama mita 3.4, pamba ya sentimita chache hailishtui.

Ila hesabu kwanza. Tuseme feni ina mapanga 6 na inazunguka mara 1,440 kwa dakika, hapo mvumo ni hezi 144. Kabla ya spika kuna njia rahisi: bomba la sentimita 60 lililozibwa mwisho, ukilichomekea ubavuni mwa dakti, sauti inaingia inarudi imegeuka kinyume, inapambana na mwenzake zinauana, yaani bila umeme wowote! Shida yake linasikia sauti moja tu. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 35 bomba lilelile linahamia karibu hezi 147, na feni ikibadilishwa spidi ndo limepotea kabisa.

Hapo sasa ndo spika na maiki zinapofaa, kompyuta ndogo inaifanya spika iwe kama bomba linalojirefusha na kujifupisha lenyewe. Lakini mi nawasihi sana, msimwambie fundi azime kelele yote, maana akiongeza nguvu kupita kiasi spika inaanza kupiga kelele yenyewe, kama maiki ikisogezwa karibu na spika msikitini. Aache nafasi ya desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani ukuzaji wa sauti uweze kuongezeka mara mbili kabla spika haijalia, kwa sababu joto litabadilika, vumbi litaingia, spika itazeeka, na chumvi ya pwani mnaijua wenyewe. Kelele ikipungua nusu kila siku kwa miaka ni bora kuliko ukimya wa wiki moja.

Kabla ya kumlipa, mwambieni aijaribu asubuhi na mchana wa jua kali, milango wazi kisha imefungwa, feni kwenye kila spidi. Ikilia hata mara moja, apunguze nguvu arudie upya.