Kama uchawi una gharama, mezani ilipwe

Usiku ule tulikuwa watano chumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, tukicheza mchezo wetu wa kusimulia hadithi, na wiki nzima nilikuwa najiandaa kwa kifo kimoja. Mzee aliyewalea wahusika wote wanne tangu mwanzo wa kisa chetu angekata roho mikononi mwao. Nilisimulia, chumba kikanyamaza. Kisha rafiki yangu anayecheza mganga akafungua daftari lake, akauliza kwa upole kabisa: "Kaka, si nina dawa ya kufufua? Hii hapa, ukurasa wa pili. Mbona nisimfufue?"

Sikuwa na jibu. Kwa miezi minne nilikuwa nawasimulia kwamba anayeshuka kuzimu, kule chini kabisa ya ziwa, harudi. Na kwa miezi minne hiyohiyo daftari lake lilisema anarudi, mradi ulipie. Yeye aliliamini daftari, na hakukosea. Msimulizi anaweza kusema lolote, lakini mchezaji huujua uchawi kwa kile dadu inachomruhusu kufanya.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka bahati inaamua. Sisi hatuna dadu ya pande 20, kwa hiyo tunachota vikaratasi vyenye namba kutoka kwenye kikombe. Kanuni tulikuwa tumeziazima kwa Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974. Katika kanuni hizo, toleo la 2014, maiti ambayo haijapitisha siku 10 inaweza kufufuliwa kwa almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu.

Hebu itafakari hiyo sentensi moja kwa dakika tano. Ulimwengu wenye dawa hiyo, tajiri atakufaje kwa homa? Msiba wake ungeanza kwa kuita mwenye almasi kabla ya kuita wachimba kaburi. Matanga yasingeanuliwa kabla siku ya kumi haijapita, na mirathi nani angethubutu kuigawa mapema? Mtoto wa maskini angezikwa huku kila mtu kijijini akijua bei kamili ya uhai wake. Hiyo ni hadithi kali, na ningeweza kuisimulia. Lakini haikuwa hadithi yangu. Yangu ilikuwa ya watu wanaolia kwa sababu hakuna njia.

Ndipo nilipoelewa kwamba ukiazima sheria umeazima na ulimwengu wake. Ule utaratibu wa zamani wa mchezo huo, ambapo mchawi anakariri tamko asubuhi na likishatumika linamtoka kichwani, haukuzuka hewani. Ulitoka kwenye hadithi za Jack Vance, mwandishi wa Marekani, ambamo uchawi unafanya hivyo hasa. Kwake hadithi na hesabu vilikuwa kitu kimoja. Mimi niliichukua hesabu, nikaipachika kwenye ziwa lenye mizimu, nikashangaa haishiki.

Kwa hiyo nikaanza upya kutoka ziwani. Mmoja wetu kwao ni wavuvi wa Kibirizi, na yeye ndiye aliyetupa kanuni bora tuliyonayo bila kujua. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri. Taa inawavuta. Mbalamwezi ikikolea taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika. Basi mizimu yetu nayo ikawa inafuata mwanga kama dagaa. Kila mchezaji anaanza usiku na kete 12, zile za bao, kwenye kifuniko mbele yake. Kuwasha taa ya kuita mzimu ni kete moja wakati wa giza, tatu wakati wa mbalamwezi, na kalenda ya mwezi iko ukutani kila mtu anaiona. Kete zikiisha, mhusika hana uchawi mpaka alale. Sikuhitaji tena kuwahutubia kuhusu hofu ya mwezi mpevu. Walianza kuhesabu siku wenyewe.

Mwanzoni nilizidisha. Niliweka gharama ya kete, ya usingizi, ya kumbukumbu, ya chumvi na mawese. Wachezaji wakaacha uchawi kabisa, wakawa wanarusha mikuki tu. Chagua gharama moja ambayo hadithi inaitaja mara kwa mara, zilizobaki futa.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nje havitatusaidia ni maneno yetu wenyewe. Kwa Kiswahili mchawi si mganga. Ukiwapa wote wawili orodha moja ya nguvu, umekwisha kusema kwamba tofauti yao ni jina tu. Mganga wetu ana miiko: akila samaki aliyekatazwa, dawa haifanyi kazi mpaka atakaswe. Mwiko ni kanuni ya mchezo iliyokuwa tayari kabla hatujaanza kucheza.

Na kuhusu ramli niliamua kwa uzito zaidi. Kanuni tulizoazima zinamruhusu mhusika kuhisi uchawi ulio ndani ya futi 30, na kwa kawaida anachohisi ni kweli. Lakini kisa chetu kina bibi kizee anayesingiziwa. Kama ramli haikosei mezani, basi wanaomsingizia wana haki. Nchi hii ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, na sitaki kuwazoesha vijana wanne, hata kwa mchezo, kwamba ramli ni ushahidi. Sasa anayepiga ramli mimi ndiye ninayemchotea kikaratasi, kwa siri, na jibu linaweza kuwa la uongo bila yeye kujua.

Ukiwa na kundi lako, chukua madaftari ya wachezaji wote kabla ya kukutana tena, usome kila uwezo ulioandikwa mle, ujiulize kijiji kingekuwaje kama uwezo huo upo kweli. Kinachopingana na kisa, kiondoe, lakini mwambie mwenyewe mapema na umpe kingine. Mimi nilimwomba radhi rafiki yangu mbele ya wenzake, tukaifuta dawa ya kufufua, nikampa uwezo wa kusikia neno moja la mwisho la marehemu kwa kete zote 12.

Aliutumia kwa yule mzee. Ulikuwa usiku wa giza, na alikuwa nazo zote 12. Alizisukuma moja moja hadi upande wangu.