Maswali yenu: kujitangaza mtandaoni bila ya majivuno

Napika halua hapa Wete. Mamangu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na anaona kuiweka halua kwenye WhatsApp ni kukosa haya. Lakini jirani yetu anajiita "malkia wa halua Pemba" na wateja wanamkimbilia yeye. Nifanyeje?

Mwanangu, mama yako kasema kweli, ila halua ya zamani ilijiuza kwa kuwa mpita njia aliiona sufuria na harufu ya iliki ikamfata mpaka barabarani. Mtu aliyeko Unguja au Dar es Salaam harufu hiyo haimfikii. Kumuonesha unachokipika si kukosa haya.

Jirani mwachie umalkia wake, wala usimtaje hata kwa mafumbo. Wewe rikodi video fupi ya kazi yenyewe: wanga na sukari vinavyokorogwa, mwiko usiopumzika, samli inavyojitokeza pembeni halua inapoanza kuachana na sufuria. Anayeijua halua ataiona hapo kuwa imeiva au haikuiva, huna haja ya kumwambia. Chini yake andika uzito, siku uliyopika, boti utakayoipakia, na bei. Bei iandike, tafadhali. Huu mtindo wa "bei njoo inboksi" siupendi hata kidogo, maana mteja huona anapimwa mfuko kabla ya kutajiwa. Na mtu akikusifu, muombe ruhusa, kisha bandika maneno yake kama alivyoyaandika, bila ya kuyatia chumvi.

Natengeneza sabuni ya mwani Paje. Shoga zangu wananishauri niandike kuwa inatibu pumu ya ngozi. Wenzangu wanaandika hivyo na wanauza.

Usiandike, dada. Ukishasema inatibu, umetoka kwenye sabuni umeingia kwenye dawa, na dawa na vipodozi hapa Zanzibar vinasimamiwa na ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa. Kubwa zaidi ni mama atakayeacha kumpeleka mwanawe hospitali kwa kuliamini tangazo lako. Mimi hilo linanitisha.

Habari ya kweli unayo na inatosha. Onesha mwani ulivyofungwa kwenye kamba na vigingi, na kinamama wanavyoushukia maji yakikupwa. Waeleze watu kuwa mwani mkavu ukiuzwa hivyo hivyo humlipa mkulima kidogo mno, na ukigeuzwa sabuni faida hubaki kijijini. Taja mafuta uliyotumia, na mwenye ngozi nyepesi mwambie ajaribu kwanza sehemu ndogo.

Mteja wa Mwanakwerekwe ameandika mbele ya watu kuwa keki yangu ya harusi imefika imebonyea. Imebonyea ndani ya gari yake mwenyewe! Nifute maneno yake?

Usifute. Mjibu pale pale: "Pole sana dada, najua ilivyokuuma siku kama ile. Nakupigia sasa hivi tuone la kufanya." Ya gari yazungumzeni kwenye simu, kwa upole. Wanaosoma ugomvi wenu wana harusi zao mbele, na wanakutazama wewe zaidi kuliko keki. Kuanzia sasa ipige picha kila keki inapotoka mlangoni kwako, umpe mteja na maelekezo ya kuibeba.

Duka letu liko Darajani. Kila mwezi wa Ramadhani huwa tunagawa mchele na tende kwa wazee, na kijana wetu wa matangazo anataka kuwapiga picha wakipokea.

Nakusihi, Bwana, msiwapige. Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, inasema kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Mzee yule ana wajukuu wenye simu, nao wataiona picha ya babu yao kanyoosha mkono chini ya nembo ya duka lenu. Mkitaka kuwahimiza wengine, pigeni picha magunia tu, na nembo iondoeni.

Nashona kofia za viua Chake Chake. Nina wafuasi 300 tu na naona aibu. Ninunue wengine?

Hapana. Kofia moja ya mkono hula wiki nyingi, pengine miezi, kwa hiyo hao 300 wanakushinda tayari. Wawekee picha ya karibu ya vijitundu vya sindano, uwaambie ipi imekwisha, kipimo chake cha kichwa, na ipi bado iko mkononi na itamalizika lini.