Maswali ya wapiga gitaa: kupiga nyimbo siyo kufanya mazoezi

*Napiga solo kanisani mwaka wa tano sasa, lakini niko palepale. Tatizo ni nini? (Mbeya)*

Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote. Miaka mitano umepiga gitaa, mazoezi hujafanya. Kila Jumapili ni nyimbo zilezile, kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilezile za C, F na G, na ile sehemu inayokushinda unaipitia juujuu huku ngoma zikikufunika. Kosa linakomaa hivyo.

Chukua mstari mmoja wa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu katika rumba ya Kongo, unaokusumbua. Tafuta vidole vinakwama wapi hasa. Mara nyingi ni noti tatu au nne tu, pale mkono unapohama kutoka freti ya 5 kwenda ya 8. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige kipande hicho peke yake. Kikitoka safi mara tano mfululizo, ongeza mapigo manne. Ukikosea, shuka. Kikishakaa, kiunge na noti zinazokitangulia na zinazokifuata, kwa sababu kwenye maungio ndiko wengi wanakoanguka tena. Kisha jirekodi kwa simu na usikilize gitaa likiwa chini. Mkono ukiwa kazini, sikio hukosa mengi. Nusu saa ya kazi hii itakuchosha kichwa kuliko jioni nzima na bendi. Na mtafute anayekuzidi akusikilize, hata mara moja kwa mwezi. Wanaokusifu kila Jumapili hawatakuonyesha kasoro.

*Ni kweli ukifikisha saa 10,000 unakuwa bingwa? (Thika)*

Hapana, na naomba namba hii tuiache. Chimbuko lake ni utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Walio bora walikuwa na wastani wa saa 10,000 hivi walipofika umri wa miaka 20. Ni wastani, kwa hiyo wapo ambao hawakufika huko. Tena zilizohesabiwa ni saa za kujifua peke yao, siyo za jukwaani. Ericsson mwenyewe aliikataa kanuni hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2014 ulikuta kwamba, katika muziki, mazoezi yanaeleza kama asilimia 21 ya tofauti kati ya watu. Anayekuuzia kozi kwa kukuahidi ubingwa baada ya saa kadhaa, mnyime pesa yako.

*Nikinunua gitaa la bei kubwa nitapanda haraka?*

Hapana. Badilisha nyuzi, na ulituni kila unapolishika.

*Nifundishe sebene kwa wiki moja, nina harusi Jumamosi.*

Siwezi, na nimeshawajibu wengine hivyo hivyo. Jumamosi shika rizimu, uipige bila kuyumba, watu watacheza. Ukiandika tena, taja wimbo gani, sehemu gani, na kwa kasi gani unakwama. "Nifundishe sebene" siyo swali.

*Kifundo cha mkono kinauma nikipiga masaa manne mfululizo. Niendelee mpaka kizoee? (Bukavu)*

Acha leo hii. Ncha za vidole kumuuma anayeanza ni kawaida, huisha ngozi ikikomaa. Maumivu ya kifundo, ganzi, au moto unaopanda hadi kiwiko ni jambo jingine: mwone daktari. Wale wapiga fidla wa Berlin walijifua kwa vipindi vya kama saa moja na nusu, wakapumzika, na walio bora walikuwa na desturi ya kulala mchana. Na nyinyi walimu mnaowachapa watoto vidole wakikosea, komeni. Mtoto anayeogopa fimbo hukaza mkono, na mkono uliokaza ndio huo unaokuja kuumia.

*Kupunguza kasi ya video ili nikopi solo, ni udanganyifu?*

Siyo udanganyifu, punguza. Ila usianze kwa kutazama vidole vya mpigaji. Sikiliza mstari, uimbe kwa mdomo mpaka utoke sawasawa, ndipo ushike gitaa. Anza na nusu ya kasi, ukiweza nenda robo tatu.