Kuhusu Country Queen
Ndugu, umeuliza kama Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyotoka Netflix mwaka 2022, inafaa kutazamwa. Kwa maoni yangu inafaa, ingawa kisa chenyewe, cha Akisa anayetoka Nairobi na kurejea kijijini ambako kampuni ya madini inamezea mate ardhi ya wenyeji, huchechemea kila siri inapofichuliwa kwa majibizano marefu. Kilichonivutia zaidi ni mazungumzo, kwa kuwa wahusika huingia Kiswahili, wakatoka kwa Kiingereza na kurukia Kikamba bila kujilazimisha, kama tunavyosikia ndani ya matatu. Matajiri wake, kusema kweli, wamefanywa wabaya kupita kiasi, hata mtazamaji hujua watakalosema kabla hawajafungua kinywa. Vipindi ni 6 tu; wikendi moja inatosha.