Waacheni Watu Wasikike

Mhariri, asalaam aleikum. Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika albamu zilizorekodiwa jukwaani, ipi unaitetea ingawa wengi wanaiponda? Jibu langu ninalo tangu nikiwa skuli. Ni Live Killers ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1979.

Wa kwanza kunipinga watakuwa wenzangu wa baraza ya Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe. Wao Queen ya jukwaani wanaijua moja tu, ya Wembley, uwanja wa London. Na hoja yao ina uzito. Ile ni rekodi ya usiku wa 12 Julai 1986, sauti ya mwimbaji wao Freddie Mercury imesimama kama mlingoti, kila chombo kinasikika mahali pake. Tena albamu ilitoka 1992, miezi michache baada ya yeye kufariki Novemba 1991, watu wakaipokea msiba ukiwa mbichi. Sisi tunaopita kila siku mitaa ya mji aliozaliwa mwaka 1946 hatuwezi kuisikiliza bila moyo kutikisika.

Live Killers, wanasema, imeungwaungwa. Nyimbo zimetolewa kwenye maonyesho mbalimbali ya ziara ya Ulaya, kati ya Januari na Machi 1979. Koo la Freddie linakwaruza, noti za juu anazikwepa, na kwenye Brighton Rock mpiga gitaa Brian May kaachiwa gitaa lake mpaka wimbo umepita dakika 12. Yote hayo ni kweli, na hizo dakika 12 hata mimi nazisikiliza nikiwa na nafasi tu.

Lakini mimi albamu hii niliijulia kwenye kanda. Ami yangu alikuwa baharia, akaileta nyumbani pamoja na redio yake, ikawa inapigwa ukumbini jioni huku bibi akichambua mchele. Bibi alikuwa mtu wa taarab, Kiingereza hajui hata neno. Ilipofika Love of My Life, pale Freddie anaponyamaza na kuwaachia watu mstari, bibi akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Hao wanaoimba ni nani?"

Ami akamwambia ni watu waliokuja kutazama, hawamo kwenye bendi.

"Ala! Basi wamemjibu."

Neno hilo ndilo lililonifundisha kusikiliza. Katika taarab yetu mwimbaji haimbi peke yake. Shairi likimgusa mtu anainuka, anakwenda kutunza, pesa mkononi, anatembea taratibu ili aliyekusudiwa amwone, na vigelegele vinapanda juu ya ala, fidla na kanuni. Ukiondoa hayo umebaki na mazoezi ya kikundi. Sasa sikiliza Love of My Life ya 1979. Katika rekodi ya studio kuna piano na kinubi, kazi nzuri mno. Jukwaani vyote hivyo vimewekwa kando, limebaki gitaa la Brian May na sauti ya Freddie, na nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na ukumbi mzima. Wengi wa wale watu Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kama mimi, na maneno wanayajua. Wembley nako wanaimba, tena wengi zaidi, lakini sauti ya uwanja ule naisikia kama bahari iliyo mbali. Kwenye Live Killers nawasikia kama wako chumba cha pili.

Kuna lawama nyingine: Bohemian Rhapsody, sehemu ya katikati, bendi inaondoka jukwaani na inapigwa kanda. Wenzangu wanaiita udanganyifu. Mimi naona kinyume chake. Zile sauti zilirundikwa studio, tabaka juu ya tabaka. Watu wanne hawawezi kuziimba mara moja. Wangeweza kubaki jukwaani wakachezesha midomo. Wakaondoka, kila mtu akaona.

Anayetaka kuona ubaya wa kweli aende kwenye Live Magic, albamu yao nyingine ya jukwaani, ya Desemba 1986. Humo nyimbo zimekatwa, na Bohemian Rhapsody imetolewa ile sehemu ya katikati kabisa. Huko ni kuimba shairi ukaruka beti.

Naisema habari hii kwa uchungu kwa sababu imetufika nyumbani. Mwaka juzi tulipeleka kanda ya taarab ya harusi ya dada yangu kwa fundi mmoja atuhamishie kwenye flashi. Alifanya kazi kwa nia njema, akatuambia ameisafisha. Kweli, udi unasikika vizuri kuliko zamani. Ila vigelegele vimefifia, na pale ambapo bibi alikuwa akiitikia kutoka safu ya mbele, pana ukimya. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Nilimrudia fundi nikamwomba aianze upya kutoka kwenye kanda, asiguse kitu, hata mkwaruzo. Ameniahidi kabla ya Ramadhani.