Kabla hujalipia laini ya intaneti, ihesabu kwa modemu

"Mwanangu, hii mega mbili niliyouziwa iko wapi?"

Shikamoo yangu ilikuwa haijaitikiwa, mama mwenye stesheneri pale Uyole, Mbeya, akawa ameshaniuliza. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya chuo. Foleni ya vijana wenye bahasha za vyeti ilitoka mlangoni hadi barabarani, kompyuta saba zote zina watu, na kila kioo kina kile kiduara kinachozunguka tu. Kijana mmoja alikuwa amekaa zaidi ya dakika tano akisubiri faili moja ipande. Ilipofika karibu na mwisho ikagoma, akaanza upya.

Nikaomba mkataba wake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa mega 2 kwa herufi kubwa. Ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo, kushusha kilobiti 2,048 kwa sekunde, kupandisha kilobiti 512. Aliyemuuzia hakumtajia hiyo namba ya pili, na biashara yake yote msimu ule ni kupandisha. Hilo liliniuma, kwa sababu mama huyu analipa kila mwezi bila kuchelewa.

Mimi nilijifunza kazi hii kwenye kafe ya intaneti Mwanjelwa, enzi za modemu ya kupiga simu, kile kifaa kilichopitisha intaneti kwenye waya wa simu ya kawaida. Ukiisikia inalia na kukoroma unajua inaelewana na mwenzake, halafu kioo kinaandika namba ya kasi. Siku ya jua namba ilikuwa nzuri. Mvua za Mbeya zikishaingia kwenye nyaya, namba inakuja biti 28,800 kwa sekunde, na ukiwa na bahati mbaya inashuka zaidi. Kwa hiyo kasi ya modemu naijua mwilini, najua inavyosubirisha. Mpaka leo, nikipewa namba yoyote ya laini naigeuza kwanza kuwa modemu, na nakushauri nawe ufanye hivyo hata kama hukuwahi kuiona.

Modemu za enzi hizo, zile za kiwango cha V.90 kilichotoka 1998, zilishusha hadi kilobiti 56 na kupandisha hadi 33.6. Shika namba hizo mbili. Gawanya kasi ya kushusha kwa 56, ya kupandisha kwa 33.6, kisha gawanya tena kwa idadi ya watu watakaotumia kwa pamoja.

Tukafanya hesabu juu ya kaunta, nyuma ya karatasi ya risiti. 2,048 kwa 56 ni modemu 36 na ushee. Mama akatabasamu. 512 kwa 33.6 ni modemu 15. Kwa kompyuta saba, kila moja inapata kama modemu mbili za zamani. Tabasamu likaisha.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wenzangu hulifanya. Laini ya simu ya kilobiti 2,048 kwenda na kurudi, ambayo watu wa simu huiita E1, haikuwahi kubeba modemu 36. Simu moja ya kawaida hupewa chaneli ya kilobiti 64, kwa sababu sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. E1 ina chaneli 32. Moja ni ya kuweka mapigo ya pande mbili sawa, nyingine ya kuashiria simu zinazoingia na kutoka, zinabaki 30. Modemu ikipiga simu inachukua chaneli nzima, hata kama yenyewe inatumia 56 tu au imeshuka hadi 28.8. Kwa hiyo mtoa huduma mwenye E1 moja alipokea wateja 30, wa 31 akakuta laini ina watu. T1 ya Marekani ni hivyo hivyo: kilobiti 1,544, chaneli 24, modemu 24, ingawa ukigawanya kwa 56 utapata 27. Ukitaka kujua kasi, gawanya. Ukitaka kujua zilikuwa simu ngapi, hesabu chaneli.

Angalia pia biti na baiti. Laini inauzwa kwa biti, faili linapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mimi hugawanya kwa 10 badala ya 8, maana sehemu ya njia huliwa na anwani na taarifa za usafirishaji. Na kilo ya watu wa simu ni 1,000 kamili.

Sasa rudi kwa yule kijana. Vyeti vyake vilikuwa megabaiti 3, yaani kilobiti 24,000 ukihesabu kwa 8 tupu, bila ya usafirishaji. Fungu lake la 512 kwa kompyuta saba ni kama 73. Gawanya: sekunde 329, dakika tano na nusu. Laini haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kile kilichoandikwa ukurasa wa tatu.

Sikumwambia mama anunue laini kubwa. Nilifungua skana, nikakuta imewekwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili. Nikashusha hadi 200, nyeusi na nyeupe. Vyeti vilevile vikatoka kilobaiti 300 na mhuri unasomeka vizuri. Vikapanda kwa kama nusu dakika. Kijana akainuka, mwingine akakaa.

Mama anataka kuongeza kompyuta ya nane. Alinipigia juzi, hesabu ameshaifanya mwenyewe: 512 kwa nane ni 64. "Hiyo si chaneli moja ya simu kwa kila mtoto?" Nikamwambia ndiyo mama, ni hiyo hiyo, na skana isiguswe.