Neno "kiwango" lilitupotezea msimu mzima

Wanafunzi wa uzamili na uzamivu huniuliza mara kwa mara: nikitaka kufanya utafiti unaovuka fani, nianzie wapi? Mmoja anataka kuunganisha uhandisi na afya, mwingine mipango ya ardhi na kemia ya udongo. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naandika kwa urefu, maana kosa tulilolifanya sisi nisingependa mtu mwingine alirudie kwa fedha zake na muda wake.

Utafiti wetu ulihusu floraidi, kemikali ya asili ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa, kwenye maji ya kunywa, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River unafika Maji ya Chai. Watu wengi waliokulia maeneo yale wana madoa ya kahawia kwenye meno, na nimewaona wasichana wakiziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Wapo watoto ambao miguu yao imepinda. Chanzo ni miamba ya volkano. Maji yanayopita humo yanabeba sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi ikatuama chini. Kwa kuwa ni haba, floraidi inabaki imeyeyuka mpaka kwenye kikombe.

Tulikuwa wanne. Mkemia, mtaalamu wa fiziolojia ya binadamu (jinsi mwili unavyofanya kazi), mtaalamu wa mipango ya mazingira, na mimi, mhandisi wa maji. Kazi yangu ilikuwa chujio la nyumbani la kuondoa floraidi: ndoo yenye chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Teknolojia hii si yangu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi, na Nakuru nchini Kenya, kwenye Bonde la Ufa lenye tatizo hilohilo, Jimbo Katoliki limeitumia pia. Mifupa ikichomwa kidogo mno, maji yanatoka na harufu na rangi. Ikichomwa kupita kiasi mpaka ikawa myeupe kama chaki, inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Nilidhani ugumu wote wa utafiti uko hapo, kwenye tanuri.

Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri. Tulizungumza Kiswahili kama kawaida yetu, tukaelewana, tukaandika kwenye muhtasari sentensi moja: kila mtafiti apime kiwango cha floraidi kwenye kaya zilizochaguliwa. Tukapeana mikono, tukaachana.

Naomba uisome tena hiyo sentensi.

Kwa mkemia, kiwango ni miligramu ngapi za floraidi zimo kwenye lita moja ya maji. Akaenda kwenye chemchemi na vilula, akachota, akapima. Kwangu mimi kiwango kilikuwa kile kinachotoka chini ya chujio, pamoja na lita ngapi linapitisha kwa saa. Mwenzetu wa fiziolojia alielewa kipimo kinachoingia mwilini: miligramu kwa siku, kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Naye mtu wa mipango alielewa kile kinachoruhusiwa kisheria. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo mbadala, na kwa siku hizi imeshuka hadi 1.5. Wakati ule bado ilikuwa 4. Kwa hiyo kwenye ramani yake chanzo chenye miligramu 3 kilipakwa rangi ya kijani, wakati mwenzake wa fiziolojia alikuwa anahangaika na mtoto anayekunywa hapohapo kila siku.

Neno moja, watu wanne, vipimo vinne ambavyo haviwezi kukaa kwenye jedwali moja. Na hatukulijua hilo mpaka msimu wa ukusanyaji ulipokwisha. Mkemia alichota wakati wa masika, mito ikiwa imejaa. Mikojo ya watoto, ambayo mwenzetu wa fiziolojia aliitumia kujua floraidi iliyoingia mwilini, ilikusanywa kiangazi. Hata kaya hazikuwa zilezile zote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kazi ya mkono. Kabla ya andiko la utafiti, kaeni na karatasi moja kubwa. Kila neno mtakalolitumia, kiwango, athari, usalama, kaya, chanzo, liandikwe, na kila mmoja aandike mbele yake: napima nini, kwa kizio gani, mahali gani, saa ngapi. Msione aibu kuulizana mambo yanayoonekana madogo. Ukimuuliza mwenzako "unaposema kaya unamhesabu na mfanyakazi wa ndani?", hujamdharau. Umemwokolea miezi.

Na kwenye karatasi hiyo ongezeni jambo ambalo sisi tulichelewa kuliona: kila kipimo kina saa yake. Maji ya kwenye kikombe yanakueleza habari za leo asubuhi. Mkojo wa saa 24 unakueleza habari za jana na leo. Jino linakueleza habari za miaka iliyopita, kwa sababu madoa huingia wakati jino linajijenga ndani ya ufizi, yaani miaka ya mwanzo ya utoto, na likishatoka limetoka. Mfupa unakusanya kwa miongo. Ramani ya mipango ina miaka yake ya utekelezaji. Mimi nilikuwa nimepanga kuthibitisha kuwa chujio linafanya kazi kwa kuangalia meno ya wanafunzi wa darasa la sita baada ya miezi tisa. Mwenzangu wa fiziolojia aliniambia kwa upole: "Hayo meno unayoyaangalia yalishamaliza kazi yao ya kujijenga kabla hujaanza chuo." Nashukuru aliniambia kabla sijayaandika.

Halafu ikaja siku ambayo karibu ituvunje kabisa. Chujio langu lilikuwa linafanya kazi. Maji yaliyotoka chini yalikuwa chini ya miligramu 1.5, nyumba baada ya nyumba. Lakini mikojo ya watoto wa nyumba hizohizo ilikuwa karibu haijabadilika. Mimi niliamini mikojo imekusanywa vibaya. Mwenzangu aliamini chujio langu ni la maabara tu. Vikao vikawa vya maneno machache.

Aliyetutoa hapo ni mtu wa mipango. Alisema twende sote wanne, nyumba moja, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, bila dodoso, tuangalie tu.

Tulifika kwa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni, mbona mmekuja kama msafara wa posa?" Tukakaa. Chujio letu lilikuwa kwenye kona ya sebule, limefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kikombe safi kimewekwa juu. Alilitunza kuliko tulivyomwelekeza. Saa mbili akaweka sufuria ya makande jikoni. Akachota maji kwenye dumu la bombani, akamimina, kisha akafungua kikopo, akachukua kipande cha magadi, akakivunja kwa kisu na kukitumbukiza ili maharage yalainike upesi.

Mkemia alinitazama. Magadi ya Ziwa Natron na maeneo jirani hubeba floraidi.

"Bibi," nikamuuliza, "maji ya kwenye ndoo yetu hupikii?"

"Mwanangu, si mlisema yale ni maji ya kunywa?"

Ndivyo tulivyosema. Siku ya mafunzo tulisimama mbele ya watu tukarudia, "haya ni maji ya kunywa". Naye alitii sawasawa. Uji, chai, makande, vyote vilipikwa kwa maji ya bomba, na makande yakaongezewa magadi. Watoto wakaenda shule, wakanywa bomba la shule mpaka saa nane. Chujio langu liligusa vikombe viwili au vitatu kwa siku. Mikojo ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo.

Siku ile moja ilitupa zaidi ya miezi ya madodoso, na leo nawaambia wanafunzi wangu waifanye mwanzoni, kabla ya bajeti. Fani zote ziende pamoja, maana kila jicho linaona chake. Nikiwa peke yangu ningeangalia mtiririko wa maji kwenye ndoo, na kile kikopo cha magadi nisingekiona kabisa.

Ilibadilisha hata usanifu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilizungumzia lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400. Kusafisha floraidi kwenye lita zote 25 ni gharama ambayo kijiji hakiiwezi, na maji ya kuoga na kufulia hayahitaji. Lakini kuyaacha ya kupikia ndilo kosa tulilolifanya. Tukapanga upya kwa maji ya kunywa na kupika, nyumbani na shuleni, na mtu wa mipango akaanza kuhesabu vituo vya kuchotea kwa mtindo huo.

Tahadhari moja ya maabara, kwa wahandisi wenzangu hasa. Kuna njia nyingine ya kuondoa floraidi, ya shabu na chokaa, inayoitwa Nalgonda kwa jina la mji wa India. Shabu ina alumini, na alumini ikibaki kwenye maji inaikumbatia floraidi. Elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha kuipimia, inasoma ile iliyo huru tu. Ukipima bila kuongeza bafa (myeyusho unaoshikilia uchachu wa maji usibadilike) ambayo maabara wanaiita TISAB, inayoweka pH, yaani kipimo cha uchachu, karibu na 5 na kuitenganisha floraidi na alumini, utapata namba ndogo ya kufurahisha ambayo si ya kweli. Niliwahi kupata namba hizo na nikazipenda. Mkemia alizifuta zote. Tafuta mwenzako ambaye ana ruhusa ya kufuta namba zako, na wewe uwe na ruhusa ya kufuta zake.

Jambo lililotufanya tuwe timu lilitokea baadaye, tukinywa chai. Mkemia alikuwa anachora jinsi mkaa wa mifupa unavyofanya kazi: madini ya mfupa yanaitwa haidroksiapataiti, floraidi inafika, inaisukuma haidroksaidi na kuchukua nafasi yake. Mwenzetu wa fiziolojia akasogeza kiti. "Huo ndio mchoro ninaowachorea wanafunzi wangu nikifundisha jinsi floraidi inavyoingia kwenye mfupa wa mtoto." Ni madini yaleyale. Mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo unafanya kazi ambayo, usipokuwepo, mfupa wa mtoto utaifanya mwilini. Mtu mzima hubakiza karibu nusu ya floraidi inayofyonzwa, mtoto anayekua hubakiza zaidi, inayosalia hutolewa na figo. Tangu siku ile sikuliita tena lile chujio "langu".

Mengine niyaseme kwa haraka. Kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiombwe mapema, maana utafiti ukigusa miili ya watu huwezi kuuanza kwa barua ya kijiji pekee, na ridhaa ya mzazi haitoshi kama mtoto mwenyewe hataki. Mpangilio wa majina kwenye makala za kitaaluma uandikwe kabla ya data ya kwanza. Na kwa wewe unayesomea shahada, chagua fani moja iwe nyumba yako, uijue mpaka chini, kwa sababu kwenye utetezi wa tasnifu mtahini atakuuliza kwa fani yake, na wenzako watatu hawatakuwepo.

Kwa bibi tulirudi tukiwa na ndoo ya pili kwa ajili ya jikoni. Makande bila magadi yanachukua muda mrefu na kuni nyingi, akatuambia, na kuni ananunua. Tukaloweka maharage pamoja tangu usiku, kwa maji ya chujio, na kesho yake tukapima muda wa kuiva. Hiyo kazi ya kuni, ambayo haikuwemo kwenye andiko letu hata kidogo, ndiyo mwanafunzi wangu wa sasa anaifanyia utafiti.